Siku tatu za kuuza vyondo KICC: uzoefu wangu

Nimewahi kupanga bidhaa zangu katika maonyesho kadhaa, lakini Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta (KICC), Nairobi, lilikuwa geni kwangu kama mfanyabiashara, ingawa picha yake hukaa mfukoni mwangu kila siku, kwa kuwa imechapwa kwenye noti zote mpya zilizotolewa mwaka wa 2019. Nilikodi banda kwa siku tatu kuuza vyondo, yaani vikapu vya kusukwa, vya mkonge, na naandika haya kwa ajili ya wasusi wenzangu wanaojiuliza kama inafaa kupeleka mzigo hadi katikati ya jiji.

Jumba hili halikukusudiwa kuwa soko, na ukilijua hilo hutashangazwa na mpangilio wake. Ujenzi ulianza mwaka wa 1967 ili liwe makao makuu ya KANU, chama tawala cha wakati huo, wasanifu wakiwa Karl Henrik Nøstvik wa Norway na Mkenya David Mutiso. Kenya ilipopewa jukumu la kuandaa mkutano wa mwaka wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wa 1973, ambao ulikuwa wa kwanza kufanyika Afrika, mradi ulipanuliwa ili kuwatosha wageni. Ndiyo maana tuna mnara wa ghorofa 28, wenye urefu wa mita 105, na pembeni yake ukumbi wa duara wenye paa lililochongoka mithili ya ua lisilochanua. Mwaka wa 1985 palikuwa na mkutano wa dunia wa wanawake. Mwaka wa 2003 serikali ikalichukua jumba kutoka kwa chama. Mwaka wa 2015 mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani wakakutana humo. Ni nyumba ya maneno, kwa ufupi, na sisi wenye mizigo tumekaribishwa ndani yake baadaye.

Mizigo yenyewe hukaguliwa. Magunia yangu manne yalipitishwa kwenye mashine, kisha askari akaingiza mkono ndani ya kiondo kimoja baada ya kingine hadi akatosheka, akaniuliza bei ya kile chenye mshipi wa ngozi. Huyo ndiye aliyekuwa mteja wangu wa kwanza.

Kero kubwa niliipata kwa kampuni iliyopewa kazi ya kutengeneza mabanda, ambayo haikuwa ya jumba. Kibao changu kiliandikwa "VIONDO", na nilipolalamika niliambiwa kwamba wino umeshakauka. Nilirekebisha kwa kalamu nzito, nikaharibu zaidi.

Wateja hawaji kwa mfululizo. Asubuhi hupita watu wenye beji shingoni, wanaochukua kadi na kuondoka. Wanunuzi halisi ni wafanyakazi wa ofisi za Harambee Avenue na mitaa ya jirani, ambao huingia saa saba wakati wa chakula cha mchana, wakishika, wakikunja na kunusa mkonge kabla ya kuuliza bei. Kwa hiyo anayekaa ndani kabisa ya ukumbi huwapata wakiwa wameshachoka au wameshanunua. Waliokuwa uani, karibu na sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta aliyeketi, waliuza kuliko sisi sote, japo jua liliwachoma.

Jioni ya mwisho nilipanda juu ya mnara kama mtalii. Upepo ni mkali na kofia haikai kichwani, lakini kuta za rangi ya udongo uliochomwa, ambazo mchana nilikuwa nimeziona za kawaida, zilikuwa zimewaka kwa jua la magharibi, na nilizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyolitazama jiji.

Nimekwisha kuomba nafasi ya mwaka ujao, uani, na kibao nitajiandikia mwenyewe.