Kukinga nyumba na moto: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Mwenye fedha ya kifaa kimoja tu anunue king'ora cha moshi. Wengi huanza na mtungi wa kuzimia moto, wakautundika ukutani na kuona nyumba imeshakingwa. Lakini mtungi humtaka mtu aliye macho. Moto wa saa nane za usiku huwakuta watu wamelala, na moshi haumwamshi mtu. Hewa ya kaboni monoksidi iliyomo humlevya aliyelala kabla hajafumbua macho. Kisha tazama nyumba zetu: nondo kwenye kila dirisha, geti la chuma lenye kufuli, funguo ziko chumbani kwa baba. Kutoka humo na watoto huchukua muda, na muda huo hupatikana tu kwa anayejulishwa mapema.

Nafasi ya kwanza: king'ora cha moshi kinachotumia mwanga

Madukani kuna aina mbili. Moja hutambua moshi kwa mwali mdogo wa mwanga uliomo ndani yake, na sanduku lake huandikwa "photoelectric" au "optical". Nyingine hutumia chembe ya madini ya mionzi na huandikwa "ionization". Chukua ya mwanga. Moto unaoanza kwenye godoro, kochi la sponji au waya uliochakaa hufuka muda mrefu kabla ya kuwaka, na aina ya mwanga huuhisi mapema zaidi. Ya mionzi huuwahi kidogo moto unaoruka na ndimi tangu mwanzo, ila hupiga kelele ovyo kwa moshi wa mapishi, na king'ora kinachosumbua mwisho wake ni kung'olewa betri.

Wenye kufukiza udi na ubani, au kuchoma dawa ya mbu usiku, watafute chenye kitufe cha kunyamazisha kwa dakika chache. Si urembo. Ndicho kitakachokifanya kibaki na betri yake.

Kuhusu betri, napendelea ile ya lithiamu iliyofungiwa ndani, inayodumu miaka 10. Betri ya volti 9 inafaa, lakini huazimwa na hairudishwi. Kinachotegemea umeme peke yake usikichukue kabisa, maana mgao ukifika kinalala, na mgao ndio wakati wa mishumaa. Geuza nyuma usome tarehe ya kutengenezwa: umri wa king'ora ni miaka 10, hata kama bado kinalia. Tafuta pia alama ya EN 14604 au UL 217, ambavyo ni viwango vya vifaa hivi.

Kifunge darini kwenye korido ya vyumba vya kulala, mbali na feni. Nyumba ya bati isiyo na dari inataka uangalifu: hewa ya moto inayojaa chini ya bati wakati wa jua inaweza kuzuia moshi usifike juu, kwa hiyo kifunge chini kidogo, kwenye boriti. Jikoni usiweke cha moshi. Huko weka king'ora cha joto, kinacholia joto likifika kama nyuzi 58, nacho hakijali vitunguu vilivyoungua. Mwenye ghorofa atafute vinavyounganishwa bila waya, kimoja kikilia vyote vinalia.

Nafasi ya pili: mpira na regulata ya gesi

Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote humu, na ndicho kinachopuuzwa kupita vyote. Tanzania imejiwekea lengo la kufikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, mitungi ya gesi inaingia kila mtaa, na mara nyingi jiko jipya linafungwa kwa mpira wa zamani. Nunua mpira uliochapishwa tarehe na kiwango, usiozidi mita moja na nusu, usiopita nyuma ya jiko. Upinde: ukiona nyufa, tupa. Kila ncha ifungwe kwa klipu ya chuma. Waya wa kufungia, au ukanda wa mpira wa baiskeli, si klipu.

Regulata ilingane na kichwa cha mtungi wako. Ikibidi kulazimisha, siyo yenyewe. Zile za presha kubwa ni za majiko ya biashara, usishawishiwe kuiweka kwenye jiko la nyumbani ili moto "uwe mkali". Ukishafunga, paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likivimba mapovu, gesi inavuja, na kiberiti hakihusiki katika uchunguzi huo.

Nafasi ya tatu: kitambua gesi

Kinafaa sana kwa jikoni kusiko na dirisha kubwa, ila wanaokifunga wengi hukiweka pasipofaa. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, kwa hiyo kifaa kikae kama sentimita 30 kutoka chini. Gesi asilia ya bomba, waliyounganishiwa baadhi ya wakazi wa Dar es Salaam na Mtwara, ni nyepesi na hupanda. Kwao kinakaa karibu na dari. Muulize muuzaji kimetengenezewa gesi gani kabla ya kuuliza bei.

Nafasi ya nne: blanketi na mtungi wa kuzimia moto

Mafuta yakishika moto kwenye karai, zima gesi kama unaifikia, funika kwa mfuniko, acha hadi yapoe. Maji kamwe: yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka. Blanketi la kuzimia moto lenye alama ya EN 1869 hufanya kazi ya mfuniko, na huweza kumfunika mtu ambaye nguo zake zimeshika.

Kwa mtungi, chukua wa poda ya ABC, kilo 2 au zaidi, mshale wa kipimo chake cha presha ukiwa kwenye kijani. Utundike karibu na mlango wa kutokea, si kando ya jiko, ili usilazimike kuuvuka moto kuufuata. Vikopo vidogo vya kupuliza na mipira ya kurusha motoni ningeiacha dukani.

Kabla ya yote hayo, angalia unachochomeka

Soketi ya ampea 13 kwa volti 230 hubeba takriban wati 3,000. Birika la umeme ni wati 2,000 hivi. Ongeza heta au oveni kwenye ekstensheni hiyohiyo na umeshapita. Ekstensheni nyepesi mkononi, yenye waya mwembamba na plagi isiyo na fyuzi, usiinunue kwa bei yoyote. Vifaa vya mtumba soma kibati cha nyuma: vya Japani ni volti 100, vya Marekani 120, na hapa vitaungua bila transfoma.

Friji nalo halizimwi, usiku na mchana. Moto wa Grenfell Tower, jengo la makazi la London, wa usiku wa Juni 14, 2017, uliowaua watu 72, ulianzia kwenye friji la jikoni ghorofa ya nne. Jengo liliteketea kwa sababu ya mabamba yanayowaka yaliyovikwa kuta zake za nje. Mpangaji wa nyumba ile aliamshwa na king'ora cha moshi, akawaamsha wenzake, wakatoka salama. Friji linalonuka plastiki, au linalokata umeme mara kwa mara, lichomoe na umwite fundi.

Ukiwa dukani, bonyeza kitufe cha majaribio kwenye king'ora kabla hujalipa, kisha dai risiti. Na namba za zimamoto ziandike ukutani leo: Tanzania ni 114, Kenya ni 999.