Shokapu za Toyota Noah: zipi ununue, zipi uziache dukani

Bonyeza boneti ya gari kwa uzito wako wote, kisha achia. Likipanda mara moja na kutulia, shokapu bado ni nzima. Likidunda mara mbili tatu, au ukikuta mafuta yamechuruzika kwenye mwili wa shokapu na kushika vumbi, usipakie watoto kwenda Masasi kabla hujazibadilisha. Shokapu iliyochoka haiumizi mgongo tu: tairi hurukaruka badala ya kushika barabara, gari huchelewa kusimama ukifunga breki, na tairi mpya huisha kwa mabaka.

Kama unachosikia ni mgongano wa "kko kko" kwenye mashimo na gari halidundi, angalia kwanza linki za stabilaiza (vyuma vifupi vya ile fimbo inayozuia gari lisilale upande) na bushi (mipira ya kwenye viungo). Bei ya hizo ni ndogo zaidi. Nimeona watu wakinunua shokapu nne na kelele ikabaki palepale.

Kabla ya kuagiza, fungua kadi ya gari usome namba ya chasi. Noah ya zamani, ambayo namba yake huanza na SR40, ina injini chini ya viti vya mbele na husukumwa na tairi za nyuma. AZR60 huvutwa na tairi za mbele, na ndugu yake AZR65 huvutwa na zote nne. Shokapu za magari haya si za aina moja. Spea nyingi hutufikia Mtwara na Lindi kwa basi kutoka Kariakoo, na kurudisha mzigo uliokosewa ni nauli na siku zako.

Nafasi ya kwanza naipa Kayaba mpya, zile zenye chapa ya KYB. Ni kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1919, na Toyota wenyewe hufunga shokapu zake kwenye magari mapya. Kwa barabara za vijijini Tandahimba na Newala, hasa msimu wa korosho ambapo gari la familia hubeba na magunia, hakuna pesa niliyotumia vizuri zaidi. Tatizo ni za bandia. Linganisha namba ya kwenye boksi na ile ya kwenye shokapu yenyewe, tazama kama welding ni safi, kisha kandamiza fimbo ya shokapu mpaka chini uiachie. Ya gesi hupanda yenyewe taratibu, bila kukwama. Isiyopanda, iache hapohapo kaunta.

Ya pili ni ya boksi la Toyota. Ubora hauna shaka, ila kwa gari lenye miaka ishirini sioni sababu ya kulipa nyongeza hiyo wakati Kayaba ipo.

Ya tatu ni used ya Japan, na hapa nina kidonda. Huuzwa ikiwa nzima na springi yake na kikalio cha mpira cha juu, kwa hiyo mbele unatoa ya zamani na kuweka nyingine bila kugusa springi. Kwa anayefanya kazi nyumbani, huo ni unafuu mkubwa. Lakini nilinunua jozi iliyosafishwa ikang'aa, na kabla mwaka haujaisha moja ilikuwa inavuja. Sasa nikilazimika, nafunua buti la vumbi (kifuniko cha fimbo) na kupapasa fimbo kwa kidole: ikiwa na mkwaruzo au doa la kutu, siili, mpira unaozuia mafuta yasivuje, itakatika tu.

Mpya zisizo na jina naziweka ya nne, kwa gari la mizunguko ya mjini peke yake. Za kujazwa oili, zinazotobolewa na kuchomelewa tena, sizipi nafasi kabisa. Gesi imeshatoka, na kipimo cha oili ni cha kukisia. Usiwabebeshe familia yako kitu hicho.

Nunua jozi, kushoto na kulia pamoja. Pesa ikitosha jozi moja na zote zimechoka sawa, anza na za mbele, maana ndiko uzito wa breki unakoangukia.

Nyuma ya AZR60 unaweza kufunga mwenyewe, kwa kuwa springi imekaa kando ya shokapu. Egemeza gari kwenye stendi za chuma, kamwe si kwenye jeki peke yake, na weka jeki nyingine chini ya ekseli isining'inie ghafla. Kwa sisi wa Mikindani na Shangani, chumvi ya bahari imeshakula nati: zipulizie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Usibane fimbo kwa koleo. Bolti yenye bushi ya mpira ikaze mwisho, gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, la sivyo mpira utajikunja na kupasuka mapema.

Mbele ni habari nyingine. Nati ya katikati juu imeizuia springi iliyobanwa. Ukiifungua bila kifaa cha kubania springi, inaruka na inaweza kuua. Kama huna kifaa hicho, toa shokapu nzima pamoja na springi yake, ukichomoa kwanza kishikio cha bomba la breki, umpelekee fundi aliye nacho akubadilishie shokapu ya ndani. Mwambie aweke mpira wa kugongea na buti jipya. Ukisharudishia, peleka gari likapimwe alaimenti (mwelekeo wa tairi) kabla hujaondoka na safari ndefu.