Blizzard 1230 IV kwenye Amiga 1200: kadi ni nzuri, ila pima volti kwanza

Nianze na hukumu: kadi hii ya kuongeza kasi ya Amiga 1200, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya tisini, ni nzuri na ningeinunua tena. Ila kwa umeme wetu wa hapa Kampala na kwa mashine ya umri huu, usiichomeke ukatarajia itatulia yenyewe. Yangu ilinihangaisha sana kabla ya kukaa sawa, na karibu kila kilichoihangaisha kilikuwa nje ya kadi yenyewe.

Mashine ni Amiga 1200 ya Uingereza, ya PAL, yaani mfumo wa video wa Ulaya. Kaka yangu ndiye aliyekuja nayo, enzi hizo akipiga video za harusi, na ndiyo iliyokuwa ikiandika majina ya maharusi juu ya picha. Kampuni ya Commodore iliitoa mwaka 1992 ikiwa na prosesa ya Motorola 68EC020 ya megahezi 14 na memori ya megabaiti 2. Mwaka 1994 kampuni ikafilisika, na waliobaki wakaendelea kutegemea watengenezaji wa kadi. Blizzard 1230 IV ni kazi ya kampuni ya phase 5 ya Ujerumani: prosesa ya 68030 ya megahezi 50, nafasi ya SIMM (kipande cha memori) ya pini 72, soketi ya FPU (chipu ya hesabu za desimali), na saa yenye betri. Inaingia kupitia kimlango cha chini ya mashine. Niliinunua ikiwa imetumika, kwa mtu wa huko huko Ujerumani, ikaletwa na ndugu yangu aliyekuwa anarudi nyumbani. Jumla ilipita milioni moja ya Uganda, na kwa kitu cha namna hii si bei ya kulalamikia.

Kuna kadi za bei nafuu za memori peke yake, lakini ukijaza megabaiti 8 katika nyingi kati ya hizo, zinakalia eneo la anwani linalotumiwa na PCMCIA, lile tundu la kadi la ubavuni, na vinagongana. Mimi mafaili yangu yote yanapita hapo, kwa kadi ndogo ya kuhifadhia ya CompactFlash. Blizzard huweka memori yake mbali na eneo hilo, kwa hiyo vyote viwili vinafanya kazi pamoja. Hilo peke yake lilinitosha kuichagua.

Sasa matatizo. Ikiwa baridi, mashine mara nyingi iliwaka vizuri na Workbench, kioo cha kazi cha Amiga, ikafunguka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye mashine hii. Baada ya muda mfupi kishale kinaganda, au kioo kinakuwa cheusi na lile boksi la "Software Failure" linatokea juu. Namba zilibadilika kila mara: leo 80000003, kesho 80000004, kesho kutwa 8000000B. Mtu anaweza kupoteza usiku mzima akisoma maana ya kila moja. Mimi nilichojifunza ni kwamba namba zikirukaruka hivyo bila mpangilio, programu haina kosa. Prosesa inasoma takataka kutoka kwenye memori au kwenye njia za data, na kila takataka ina namba yake.

Kadi hii ina jambo zuri ambalo wengi hawalijui: ukishikilia kitufe cha 2 wakati wa kuwasha upya, inajizima na mashine inarudi kwenye prosesa yake ya asili. Nilifanya hivyo na mashine ikakaa jioni nzima bila kutetereka. Kwa hiyo mashine peke yake ilikuwa nzima, na hitilafu ilikuja pale kadi inapoanza kufanya kazi. Wengi wakifika hapo wanasema kadi imekufa. Fundi mmoja wa simu pale mjini, Mkongomani ambaye tunaelewana naye kwa Kiswahili, aliitazama akaniambia, "Kaka, hii prosesa imeachia. Tuipige hewa ya moto." Nilimkatalia. Kadi ya miaka ya tisini haipigwi hewa ya moto kwa kukisia, na ukikutana na fundi anayeanza na moto kabla ya mita, chukua kitu chako uondoke. Hata hivyo aliniuzia chupa ndogo ya isopropanoli safi, ile wanayosafishia bodi za simu, na hiyo ilinifaa sana.

Nilianza na SIMM. Niliyopewa ilikuwa ya nanosekunde 70, nikaweka ya 60, yenye kasi zaidi, iliyotoka kwenye kompyuta kuukuu. Hali ikapata nafuu kidogo, haikupona. Kisha nikasafisha meno ya bodi ambayo kadi inashikana nayo. Hapo inabidi utumie macho: chini ya taa, meno kadhaa yalikuwa na rangi ya kahawia na utando mwembamba kama mafuta yaliyokauka. Nilipitisha kifutio cheupe cha penseli taratibu, nikafuta kwa isopropanoli, nikachomeka na kuchomoa kadi mara kadhaa ili vyuma visuguane. Nafuu nyingine. Unyevu wa huku karibu na ziwa hauna huruma na shaba iliyokaa wazi.

Kisha nikafika kwenye volti, na hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Pawa saplai ya asili ya Amiga 1200 ni ya wati 23, yaani ampea 3 kwenye volti 5. Ilitosha mashine tupu ya 1992. Ongeza prosesa ya megahezi 50, SIMM, FPU na diski, na hakuna kinachobaki. Nikipima kwenye plagi ikiwa haijachomekwa, nilipata volti 5 na ushee, safi kabisa. Kipimo hicho kinadanganya. Nilichomeka, nikawasha, nikaiacha mashine ifanye kazi nzito, kisha nikagusa kwa ncha za mita miguu ya kapasita iliyo juu ya kadi yenyewe. Volti 4.68. Chipu hizi zinataka volti 5 kwa tofauti isiyozidi asilimia 5, yaani kuanzia 4.75. Chini ya hapo hakuna anayekuhakikishia chochote. Volti zilikuwa zinapotea njiani: kwenye swichi iliyochakaa, kwenye waya mwembamba wa miaka 30, kwenye plagi, na tena kwenye yale meno ya kadi. Jioni, mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko, soketi ya ukutani ilishuka hadi karibu 200 badala ya 240, na kwangu mashine ilikuwa ikianguka zaidi saa hizo.

Watu wa Ulaya hushauri pawa saplai nzito ya Amiga 500, inayotoa ampea 4.3 kwa plagi ile ile. Ukiipata nzima, sawa. Mimi nilichukua pawa saplai ya Mean Well RT-65B, ambayo ina volti 5, 12 na hasi 12 kama Amiga inavyotaka, inatoa ampea 5 kwenye ile ya volti 5, na inapokea umeme wa kuanzia volti 88 hadi 264, kwa hiyo kushuka kwa umeme wa jioni hakuisumbui. Nililehemu waya nene na fupi kwenye plagi ya zamani. Tahadhari: vifaa hivi huja na skrubu za umeme mkubwa zikiwa wazi, kwa hiyo iweke ndani ya boksi, unganisha waya wa ethi, weka fyuzi, na watoto wasifike. Ina kiskrubu cha kurekebisha volti; niliirekebisha nikiwa napima kwenye kadi, hadi ikasoma 5.02 mashine ikiwa kazini. Tangu siku hiyo zile namba nyekundu sikuziona tena. Shida ilibaki katika hali moja tu.

Hali hiyo ilikuwa kuwasha mashine ikiwa imelala baridi. Mara nyingine kioo kilibaki kijivu. Bodi yangu ni toleo la 1D.4, na matoleo hayo yanajulikana: kapasita mbili ndogo, E123C na E125C, huchelewesha mapigo ya kloki kiasi kwamba kadi zenye kasi huchanganyikiwa. Dawa ni kuzitoa. Kwa kuwa mashine ilikuwa wazi, tulibadilisha pia kapasita za elektroliti. Kazi hiyo nilimpa mama mmoja anayetengeneza redio na amplifaya, mwenye mkono mtulivu kuliko wangu. Alipogusa ya kwanza kwa chuma cha kulehemu, chumba kikanuka samaki, akasema bila hata kuniangalia, "Hii ilishavuja, mwanangu." Alikuwa sahihi, chini yake shaba ilikuwa imeanza kuwa kijani. Kazi yake ningeilipia mara mbili.

Joto pia lipo. 68030 ya megahezi 50 inachemka ndani ya kile kimlango, kwa hiyo nimeinua mashine kwa vipande viwili vya mbao, hewa ipite chini.

Sasa hivi inafanya kazi siku nzima. Picha ambazo zamani nilizisubiri zinafunguka papo hapo, na diski inasoma bila kukwama. Kilichobaki ni saa ya kadi: betri yake haishiki, kila nikiwasha naandika tarehe upya. Nitaitoa kabla haijavuja juu ya bodi, hata kama bado sijapata ya kuiweka badala yake.