Uafrika kauweka kwenye kitambaa, pua zetu kazisahau

Tangu mwaka jana watu wa biashara ya miwani wananiuliza kuhusu yule mbunifu niliyempa kazi ya kuchora fremu zangu na kuniundia chapa. Kila aliyeuliza nilimjibu kwa neno moja: usimwendee. Leo naandika kwa kirefu kwa sababu mambo yana pande nyingi kuliko neno hilo, na kwa sababu hasira haijaniisha.

Nina duka la miwani Kariakoo. Miaka yote nimeuza fremu zenye majina ya watu wengine, nikafika mahali nikataka fremu zenye jina letu. Sikutaka mtu wa kujifunzia kwangu, nilitaka mzoefu. Huyu ana zaidi ya miaka ishirini kazini, mingi kaskazini mwa Italia, mkoa wa Belluno, ambako kiwanda cha kwanza cha miwani kilifunguliwa Calalzo di Cadore mwaka 1878. Mwaka huo naukumbuka kwa sababu hakuchoka kunitajia. Amechorea majina makubwa, zile fremu ambazo nembo ni ya nyumba ya mitindo lakini anayezitengeneza ni kampuni nyingine kwa leseni. Bei yake ilikuwa kubwa. Nikatoa advansi.

Upande wa chapa, jamani, sijapata kuona mtu anayeijua kazi namna ile. Kabla ya kuchora mstari aliniuliza nani ananunua, anakuja na nani, anaanza kushika nini akiingia dukani. Mimi nilitaka nembo kubwa ubavuni mwa mkono wa fremu, ionekane toka mbali. Akakataa katakata. Alisema mtu anayevaa miwani kila siku hataki kutembea na bango la duka usoni. Jina likawekwa ndani ya mkono wa kulia, dogo, mahali ambapo mwenye miwani analiona kila anapoivua. Kisha akaniuliza kanga inapangwaje. Nikamweleza pindo, mji na jina. Kitambaa cha kufutia lenzi kilipokuja kilikuwa na pindo pande zote nne, mji katikati, na msemo mahali pake panapostahili. Si yale mauamaua ya kubahatisha tunayobandikwa kila mgeni anapotaka kuonyesha kwamba anatujua. Wateja walitaka kununua kitambaa peke yake.

Halafu zikaja sampuli za fremu.

Niwaambie zilivyokuwa kwa macho: asetati, ile plastiki ya fremu, ya rangi ya asali, iliyong'arishwa vizuri, bawaba zinafunguka bila kulegea, pembe za juu zimeinuka kidogo zinampa mtu uso wa heshima. Nilizishika nikafurahi. Nikavaa. Nikainama kuandika risiti, fremu ikashuka mpaka ncha ya pua. Nikaipandisha, ikashuka tena. Akajaribu fundi wangu, akajaribu binti wa duka la jirani, hali ileile. Na hapo tulikuwa ndani, feni inazunguka. Toka nje kwenye jasho la Dar uone.

Mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu, nilimpa moja akae nayo, nikiwa nimemwekea lenzi zake za progresivu, zile za kuonea mbali na kusomea kwa pamoja. Aliporudi nilimwamkia, akaitikia marahaba huku tayari anaiweka mezani. "Mwanangu, nzuri, lakini nashinda naipandisha. Nikiiacha inapotaka kukaa, sisomi." Na ni kweli asingeweza kusoma. Sehemu ya kusomea kwenye lenzi hizo iko chini. Fremu ikishuka nayo inashuka, mtu anajikuta anatazama kitabu kupitia sehemu ya kuonea mbali. Gharama yote ile ya lenzi inapotea kwa sababu ya milimita chache za plastiki puani.

Mtu ataniambia nilipaswa kuangalia namba. Namba ziliangaliwa. Ndani ya mkono imeandikwa 52, 18, 140: upana wa lenzi, upana wa daraja (kile kipande cha katikati kinachokalia pua), urefu wa mkono. Lakini ile 18 inakwambia tu lenzi zimeachana kiasi gani. Haikwambii daraja limeinuliwa wapi, wala kuta zake za ndani zimelala kwa pembe gani. Fremu mbili zenye 18 zinaweza kukaa puani tofauti kabisa. Pua nyingi za kwetu zina mgongo wa chini na msingi mpana. Zinahitaji kuta za daraja zilizofunguka zaidi na sehemu ya kukalia puani iliyo nene zaidi. Fremu ya chuma ina vipedi kwenye vijiti, fundi anavipinda yamekwisha. Ya asetati haina. Kilichochongwa kiwandani ndicho hichohicho. Mikono unaweza kuipasha moto ukaipinda, daraja hulipindi. Kwa hiyo pua ni kazi ya mchoraji. Kiwanda kilichozitengeneza kule Wenzhou, China, sikilaumu hata kidogo, kilifuata mchoro.

Nikampigia kwa video, fremu ikiwa usoni. Nikainama makusudi aione inavyoteleza. Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyekatizwa chakula: hilo ni suala la fundi wa dukani, bandika vipedi vya silikoni. Vipedi vya kubandika! Kwenye joto hili vinageuka njano na kubanduka. Nikamwambia. Akasema, "Umbo hili limeuzwa dunia nzima."

Dunia ipi? Mimi na mwalimu wangu tunaishi wapi?

Hapo ndipo nilipokasirika kwelikweli, na sikukasirikia tu kauli yake. Mtu huyuhuyu alitumia muda mrefu kuniuliza pindo la kanga lina upana gani, asinitumie hata swali moja kuhusu pua ya mtu atakayevaa. Uafrika wetu aliuona kwenye kitambaa, kwenye sanduku, kwenye msemo. Kwenye kile kipande kinachogusa ngozi alichukua uso wa Mzungu aliouzoea akaendelea na safari. Na si kwamba jambo hili ni siri ya wataalamu. Kampuni kubwa zinauza matoleo ambayo daraja la pua limeshushwa, ambayo zamani yaliitwa ya Kiasia. Pale Berlin ipo kampuni ya miwani ya Reframd, iliyoanzishwa na Ackeem Ngwenya, mzaliwa wa Malawi, ambaye aliona miwani haikai kwenye nyuso kama yake, akafanya kazi ya kuchora fremu kwa vipimo vya uso wa mvaaji mwenyewe. Mzoefu wa miaka ishirini na ushee hajui hayo?

Anayajua. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Baada ya ukimya wa muda, bila salamu wala pole, alituma mchoro mpya. Daraja limeshushwa, kuta zimefunguliwa, sehemu za kukalia puani zimeongezwa unene, mikono imerefushwa, na umbo zima limesawazishwa upya ili macho yakae katikati ya lenzi. Uzuri wake haukupungua hata kidogo. Mimi naona uliongezeka. Sampuli ilipofika nikainama, nikatikisa kichwa, nikatoka nayo juani mpaka Msimbazi. Haikusogea. Mwalimu aliivaa akakaa dukani anasoma gazeti, akanisahau kabisa. Siku hiyo nilikuwa tayari kulifuta lile neno langu. Nilisema mtu huyu ni fundi, mwendeeni.

Kisha nikafungua ankara. Kulikuwa na malipo ya ziada, na mbele yake ameandika "toleo maalumu". Akapendekeza hata kwenye sanduku tubandike alama ya kulitofautisha na toleo la kawaida.

Sikulala vizuri. Nilimwandikia kwamba kwenye duka langu hizi ndizo fremu za kawaida, watu wanaoingia pale ndio kawaida, na anayetaka daraja jembamba la kule kwao ndiye atakayeagiza maalumu. Malipo ya ziada nilikataa. Aliyafuta. Alama ya sanduku nayo aliiondoa, bila kusema neno.

Kwa hiyo sasa anayeniuliza namjibu hivi: kwa jina, sanduku, rangi na umbo, sijui wa kumlinganisha naye. Kwa adabu kwenye simu, hapana. Kwa pua, anaweza, lakini umsimamie kama mtoto anayefanya mtihani, na usikubali akuonyeshe kitambaa kabla fremu haijavaliwa na mtu wako.

Juzi kaniandikia kuhusu miwani ya jua, ana mawazo mazuri tayari, na ukweli ni kwamba nataka aifanye yeye. Nimempa masharti: kwanza fremu tupu, haina jina, haina sanduku. Itavaliwa Kariakoo na watu nitakaowachagua mimi, mchana, wakibeba mizigo na kupanda daladala. Ikikaa puani, advansi anaipata siku hiyohiyo.