Chicago au Houston? Nimekaa kote kuwili

Mtoto wa kakangu ameangukiwa na bahati nasibu ya grini kadi, ile ruhusa ya kwenda kuishi Marekani, na tangu siku hiyo nyumba yetu ya Langoni, hapa Amu (Lamu), haina utulivu. Kila akija huanza na lile lile: "Shikamoo, shangazi. Haya, Chicago au Houston?" Houston ana ndugu za mamake. Chicago yuko rafiki yangu wa zamani aliye tayari kumpokea. Nimeshamjibu mara tano, vipande vipande, huku mbuzi ya nazi iko chini yangu. Leo naandika yote mara moja, na mwingine mwenye swali hilo naye asome humu humu.

Chicago niliingia 2014 nikatoka mwisho wa 2019. Houston nikakaa hadi 2023. Kote nilifanya kazi ile ile ya nyumba za kutunzia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza ubavu. Kwa hivyo sina habari za minara wala makumbusho. Nina habari za kodi, basi la alfajiri na bomba lililopasuka.

Nianze na miguu, maana mtu wa Amu huanza na miguu. Sisi tumezaliwa mji ambao gari halipiti. Njia ni ya mtu na punda, na wakikutana, mtu ndiye anayejibana ukutani.

Chicago nilishuka uwanja wa O'Hare na begi mbili, nikapanda treni ya Mstari wa Buluu pale pale chini ya uwanja, katikati ya mji nikabadilisha kwa Mstari Mwekundu, nikateremka Rogers Park, kaskazini kabisa. Mistari hiyo miwili hailali, hufanya kazi usiku na mchana, na kwa mtu wa zamu za usiku hiyo ni nusu ya mshahara. Pasi ya mwezi wakati huo ilikuwa dola 100, treni na basi pamoja. Miaka mitano sikuwa na gari wala sikulitamani. Duka, msikiti, sabuni, daktari wa meno, vyote nilivifikia kwa miguu au kwa basi moja.

Houston sasa. Wiki ya kwanza nilitaka maziwa. Duka lilikuwa si mbali, kilomita mbili hivi, nikasema huu si mwendo wa kutoka Amu kwenda Shela, kijiji jirani, hata. Nikavaa buibui langu nikatoka. Nusu ya njia, mahali pa kupitia watu pakaisha. Hapakuharibika wala kuzibwa, paliisha tu, kama aliyekuwa akijenga kaitwa chakula. Mbele yangu majani, mtaro, na magari yanapita kama risasi. Nikashika njia ya majani. Haukupita muda, bwana mmoja akapunguza mwendo, akashusha kioo, akaniuliza kwa huruma kabisa: "Mama, gari lako limeharibika wapi?" Hakuweza kufikiri kwamba mtu mzima mwenye akili zake anatembea kwa sababu anakwenda dukani.

Nikajifunza kuendesha nikiwa na miaka 44, nikanunua Corolla kuukuu kwa muuzaji aliyeniapia haina dosari. Mwezi wa pili ikamwaga mafuta yote ya injini. Bima, petroli, matairi, barabara za kulipia: ukivijumlisha, ile nafuu ya kodi ya nyumba unayosifiwa Houston inaingia ndani ya gari na haitoki. Mabasi yapo, na treni ipo pia, inapita katikati ya mji na kwenye mahospitali makubwa. Lakini mji wenyewe ni kilomita za mraba zaidi ya 1,600, na Chicago haifiki 600, ilhali Chicago ndiyo yenye watu wengi zaidi: milioni 2.7 kwa sensa ya 2020, Houston milioni 2.3. Watu wametawanywa kama mtama. Ile barabara kuu ya Katy mahali pengine hufika njia 26 ukihesabu na za pembeni, na bado saa kumi na moja jioni mtakaa humo mkitazamana.

Sasa baridi, ambayo najua ndiyo inayomtisha huyu mtoto. Sitamficha kitu. Tarehe 30 Januari 2019 asubuhi Chicago ilikuwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Posta ilisimamisha kupeleka barua. Kwenye runinga tukaona reli za treni za kwenda nje ya mji zimewashiwa moto kwenye makutano ili chuma kisigande. Mimi nilikuwa na zamu, na wazee hawajui habari za nje, wanataka uji wao. Kutoka mlangoni hadi stesheni ya Morse ni dakika saba. Nywele za ndani ya pua ziligeuka sindano, kope zikashikana, nikawa nafumba jicho moja kwa zamu ili lingine lione njia. Juu ya jukwaa kuna taa za joto, unabonyeza kitufe, na chini yake tulisimama kama vifaranga, hakuna aliyesema neno.

Lakini sikiliza upande wa pili. Nikirudi nyumbani siku hiyo nilivaa dera na kanga moja. Chicago ina sheria: kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 1 Juni, mwenye nyumba anayetoa joto lazima nyumba aifikishe nyuzi 20 mchana, na 19 hivi usiku. Joto langu lilitoka kwenye chuma kizee chini ya dirisha, kinachogonga na kupiga miluzi usiku kucha kama kina jini. Kodi ya chumba kimoja nililipa dola 850 na joto lilikuwa humo humo. Mwaka mmoja lile joto likakatika, mwenye nyumba akajifanya hasikii simu. Nikapiga 311, namba ya mji. Siku ya pili fundi alikuwa chini na spana yake.

Nilihama kwa sababu magoti yalichoka na theluji. Nikasema nende mahali penye joto la kwetu. Na kweli Houston ina joto la kwetu, tena la kabla ya masika, lile la kunata, nguo haikauki na mbu wanaimba. Agosti unatoka bafuni umeshalowa jasho. Hilo halikunisumbua hata siku moja.

Kilichonipata ni Februari 2021. Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 15, umeme ukakatika. Kipasha joto changu cha Houston kilikuwa cha umeme, madirisha ni kioo kimoja, kuta ni mbao na ubao laini, nyumba imejengwa kumkimbia jua. Nje kulishuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Hiyo si kitu mbele ya Chicago, lakini Chicago ile baridi ilibaki nje, na hapa iliingia ikalala na mimi kitandani. Texas, jimbo lenye Houston, ina gridi yake ya umeme peke yake, imejitenga na za majimbo mengine kwa sehemu kubwa, kwa hivyo mitambo ilipoganda jirani hakuweza kuwakopesha vya kutosha. Siku tatu. Bomba la ghorofa ya juu likapasuka, maji yakashuka kwenye dari yangu kama mvua ya masika. Watu zaidi ya 200 walikufa jimbo zima, na baadhi yao kwa moshi, maana waliingiza majiko ndani au waliwasha magari gereji wapate joto.

Mimi jiko nalijua tangu utotoni. Nilikuwa na jiko dogo la kuchomea nyama, nikalitoa barazani, nikafunga mlango moshi usiingie ndani, nikatia makaa. Nilipoinjika chai ya tangawizi, mlango wa pili ukafunguka, akatoka mama mmoja na chupa ya maziwa ya mtoto. Kisha babu wa ng'ambo na sufuria ya supu. Kufika magharibi tulikuwa watu tisa tumezunguka makaa. Nilikuwa nimekaa hapo miezi kumi na minne na sikujua jina la hata mmoja wao, kwa sababu kila mtu hutoka kitandani akaingia garini na akatoka garini akaingia kitandani. Umeme uliporudi, milango ikafungwa. Tukabaki kupungiana mikono kupitia vioo vya gari.

Chicago majirani ni wakavu, usidhani wanakukumbatia, lakini unawaona. Ngazi ni moja, stesheni ni moja, mashine ya kufulia ni moja. Mwaka haukuisha nikajua nani kajifungua na nani kaachwa. Wana na vituko vyao. Theluji ikianguka, mtu akishatumia koleo saa nzima kusafisha nafasi ya kuegesha gari lake, akitoka huweka kiti barabarani: cha kulia chakula, cha plastiki, nimeona hata ubao wa kupigia pasi. Maana yake, hapa pangu, usiguse. Mara ya kwanza nilidhani kuna maulidi. Kwetu kiti kikitolewa nje ni karibu, keti.

Jambo jingine la Chicago ni lile ziwa. Rogers Park mitaa mingi inaishia mchangani, unatembea tu mpaka mtaa unaingia majini. Ziwa Michigan huoni ng'ambo, lina mawimbi, lina ndege weupe, na macho yanakwambia ni bahari. Siku ya kwanza nilikaa pale tangu adhuhuri nikingoja maji yapwe. Hayakupwa. Nikaonja, hayana chumvi. Ziwa kubwa vile halijui kujaa wala kupwa, halijui bamvua. Niliona huruma, wallahi, kama kumwona mtu asiyeota ndoto. Houston bahari ya kweli ipo, Galveston, kilomita 80 hivi, na kwa gari tena. Maji ni rangi ya chai ya maziwa kwa tope la mito, lakini chumvi ipo. Nilikwenda mara tatu kwa miaka minne. Kwenye ziwa nilikwenda karibu kila jioni ya Julai.

Fedha, upesi upesi. Texas jimbo halikati kodi kwenye mshahara, Illinois, jimbo lenye Chicago, hukata asilimia 4.95. Kodi ya dukani wakati wangu Chicago ilikuwa 10.25 kwa mia, Houston 8.25. Hapo wengi husema Houston imeshinda. Lakini nilipohama 2019 mshahara wa chini kabisa wa mji wa Chicago ulikuwa dola 13 kwa saa, na Texas 7.25, na haujasogea tangu 2009. Mimi nilishuka nikaanza na dola 11 kwa kazi ile ile na migongo mizito zaidi. Kwa upande mwingine, Houston nilikuwa na vyumba viwili kwa dola 950. Mwenye watoto wanne Chicago atalia, sitabisha.

Chakula cha kwetu, kote ukikitafuta hukikosi. Chicago ni mtaa wa Devon: nyama ya mbuzi ya halali, bizari, nazi ya kukunwa iliyogandishwa. Houston ni Hillcroft kwa Wahindi na Wapakistani, na Bissonnet kwa Waafrika, ambako muhogo na unga wa mahindi hauna shida. Samaki Houston ni afadhali mbali sana, kamba wa Ghuba ya Mexico ni wakubwa na wabichi. Samaki wa Chicago wengi wamegandishwa, nikila nilikuwa namkumbuka mvuvi wetu na kumwombea dua.

Ramadhani ya 2015 iliangukia Juni. Chicago daku ilifungwa kama saa tisa na nusu usiku, na futari ni saa mbili na nusu usiku. Umefunga kwa muda wa saa kumi na saba, na wewe unainua wazee. Houston mchana wa Juni ni mfupi kwa saa moja na zaidi. Lakini mwezi unarudi nyuma: 2030 utaangukia Januari, na Chicago watafuturu kwenye saa kumi na nusu jioni, kabla hata njaa haijajitambulisha.

Kuhusu bunduki, ambazo mamake huyu mtoto huuliza kwa sauti ya chini: Chicago mtaa na mtaa si sawa, uliza kabla hujakodi. Na Texas tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 kwenda juu, asiyekatazwa na sheria, huweza kutembea na bastola bila kibali. Hakuna mji kati ya hiyo wa kumpeleka mtu aliyezoea kusahau mlango wazi.

Kwa nyota, Chicago nne, Houston tatu. Akiwa na mume, watoto na leseni ya gari, nageuza. Lakini huyu anakwenda peke yake, na begi mbili, na miguu yake.

Koti langu la Chicago liko sandukuni juu, limejaa harufu ya nafthalini. Jana nilimwambia ajaribu kulivaa. Alilivaa sebuleni, Machi hii ya joto, akasimama mbele ya kioo jasho likimtiririka mpaka shingoni, likamfika chini ya magoti kama linavyotakiwa. Hajaniambia ameamua nini. Koti ameondoka nalo. Zipu yake inakwama pale kifuani, ampelekee fundi wa cherehani kabla hajasafiri, na asikubali kuwekewa vifungo.