Pipa la funza na kikamulio chake: mabaki yanaliwa, mafuta ni kiduchu

Nimenunua seti ya pipa la kufugia funza kwa mabaki ya chakula, kikamulio cha mafuta yao, na chupa ya kuyageuza kuwa biodizeli, yaani mafuta ya kuendeshea injini za dizeli. Nianze na hesabu, maana tangazo la seti hii liliiruka. Kilo 10 za mabaki ya chakula zikiliwa vizuri hukupa kama kilo 2 za funza wabichi. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni maji. Ukiwakausha unabaki na gramu 600 hadi 700. Mafuta ni kama theluthi moja ya hizo, na kikamulio cha mkono hakiyatoi yote. Ndoo nzima ya maganda na makombo, basi, inaishia kuwa glasi ndogo ya mafuta ambayo bado hayajawa biodizeli. Anayeota kuendesha gari kwa makombo ya jikoni kwake arudishe pochi mfukoni.

Hata hivyo pipa langu siliuzi. Funza hawa ni wa nzi askari mweusi, Hermetia illucens, na kwa ulafi sijaona mfano wao. Wape joto la nyuzi 27 hadi 30 na chakula chenye unyevu wa asilimia 70 hivi, na ndani ya wiki mbili hivi wanakuwa wameshanenepa. Kilichonikosha zaidi ni ile njia ya kupandia iliyomo ndani ya pipa. Funza akikomaa huwa mweusi, huacha kula na kutafuta pakavu pa kujificha. Basi anapanda mwenyewe na kudondoka kwenye kopo la mavuno. Huchambui kitu kwa mkono. Aliyelibuni pipa hili alimsoma mdudu kwanza.

Wenye kinyaa watauliza kuhusu nzi. Funza huyu akishapata mabawa huishi kwa akiba aliyojiwekea akiwa funza, wala hahangaiki na sahani yako. Nzi wa kawaida nao hupungua, kwa kuwa funza hawa hawawaachii nafasi ya kuzaana. Harufu ipo, lakini ni ndogo, alimradi usiwamwagie chakula kuliko wanavyomaliza.

Kikamulio ni chuma imara, ila funza wasipokauka sawasawa hutoa uji badala ya mafuta. Kuwapasha moto kidogo kabla ya kukamua kunasaidia sana. Kukiwa na ubaridi mafuta huganda, kwa sababu yamejaa asidi ya lauriki, ileile ya mafuta ya nazi. Uzuri wake ni kwamba hayachachi upesi, na biodizeli yake huwaka vizuri. Yangu niliichanganya na dizeli ya kawaida, na injini ndogo ya pampu ikaipokea bila kukohoa.

Sasa ile chupa ya kugeuzia mafuta kuwa biodizeli. Hapa nina ugomvi na watengenezaji. Kijitabu kinazungumzia methanoli (aina ya alkoholi) na kostiki (alkali kali ya kutengenezea sabuni) kana kwamba ni sukari na maji. Methanoli ni sumu hata kwa mvuke wake, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Glavu na miwani havimo kwenye boksi, wala havikutajwa. Isitoshe, mafuta ya funza mara nyingi yana asidi huru nyingi, yaani asidi iliyojitenga na mafuta yenyewe, hasa funza wakikawia kukaushwa. Ukiyatia kostiki moja kwa moja unapata sabuni. Inabidi kupima asidi kwanza. Ikizidi, unaanza na methanoli na asidi ya salfuriki kidogo, ndipo kostiki ifuate. Hatua hiyo haimo kabisa kwenye maelekezo, na mtu asiyejua kemia ataharibu mafuta aliyoyasubiri kwa hamu.

Thamani yenyewe nimeiona kwenye makapi. Funza waliokamuliwa bado wamejaa protini, kuku na samaki wanawagombania, na kinachobaki chini ya pipa kinakwenda bustanini kama mbolea. Kwa jiko la hoteli au shule, linalotupa mabaki kwa mamia ya kilo, hata mafuta yanaanza kuleta maana, mradi awepo fundi wa kemia.

Pipa nalipa nyota tano, kikamulio tatu, chupa moja. Muuzaji anauza pipa peke yake pia, ila amelificha chini kabisa ya orodha yake. Shuka hadi huko.