TAHADHARI: Betri "za kutoka kwenye baridi" zinazouzwa Mwanza. Mwenye gari linalolala bila kutembea ndiye anayewindwa

Wakuu, salaam. Nimepigwa, tena nimepigwa mchana kweupe nikiwa nimesimama na macho yangu mawili. Hasira ina wiki tatu sasa na imepoa kidogo, kwa hiyo mtanisoma bila matusi.

Mimi ni mwalimu Ukerewe. Gari langu, Spacio, linalala kwa dada yangu Nyakato, kwa sababu kisiwani pikipiki inanitosha na kulivusha gari kila mara ni kujitafutia umaskini. Nakuja Mwanza kila baada ya wiki tatu au nne, kukiwa na mitihani hata mwezi na nusu. Najua tuko wengi wa namna hii: wa visiwani, wa migodini Geita, wa masomoni Dodoma. Huyu jamaa anatutafuta sisi.

Mwezi wa nane betri yangu ilikufa. Kifo cha halali, ilikuwa na miaka minne. Madukani mjini NS60 mpya, ndiyo saizi ya betri ya gari langu, nikatajiwa 185,000 kwenda juu. Nikawa nasitasita, ndipo mtu akanielekeza kwa kijana mwenye meza ya betri kando ya barabara ya Musoma. Jina simtaji, na kusema kweli hata sina hakika kama lile alilonipa ni lake.

Swali lake la kwanza halikuwa aina ya gari. Aliniuliza, "Mwalimu, gari linatembea kila siku?" Nikamweleza maisha yangu yote, meli ya Nansio, dada, mitihani. Sikujua kwamba hapo najichinja mwenyewe.

Akaniambia zake ni betri za Ulaya. Kule, anasema, baridi kali ikiingia watu wanafungia magari miezi minne, mitano, na betri inakaa tu bila kufanya kazi. "Kwa hiyo ni mpya kabisa, ila bei ya mtumba." 110,000. Nikimwachia ile yangu mbovu, ananipunguzia 15,000. Akaweka mita, ikasoma volti 12.8. Tukafunga, gari likawaka kwa mguso mmoja. Risiti ikawa karatasi ya daftari: "Betri 1, garantii miezi 6." Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakuna, na mimi sikudai kwa sababu nilikuwa nashangilia elfu tisini na nyingine za kubaki mfukoni.

Nilirudi baada ya siku 24. Mama alikuwa na kliniki asubuhi, tunatakiwa tuwe barabarani saa kumi na mbili kamili. Nageuza ufunguo: tik, tik, tik. Taa za dashibodi zikanywea kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Mama akanitazama, akachukua mkoba wake na kusema, "Mwanangu, twende tukapande daladala." Hakuongeza neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mchana nikaenda kwa kijana na karatasi yangu. Hata hakuigusa betri. "Mwalimu, si uliniambia mwenyewe gari halitembei? Betri ni kama ng'ombe, usipomtoa malishoni anafia zizini. Hii umeiua wewe, garantii haihusiki." Watu wawili waliokuwa pale wakacheka na kutikisa vichwa, kwamba ni kweli mzee, gari liendeshwe.

Ndipo nikaelewa lile swali la kwanza. Mteja wa daladala au teksi akiuziwa betri mbovu, atarudi baada ya siku mbili na watu wake. Sisi tunarudi baada ya mwezi, na kosa tumeshakiri kabla hata ya kulipa.

Mbaya zaidi ni kwamba maneno yake yana ukweli nusu. Gari likilala bado linakula umeme: alamu, saa, kumbukumbu ya redio na kompyuta ya injini. Likivuta miliampea 50, ambazo ni kawaida kwa gari lenye alamu, kwa siku ni ampea-saa (Ah) 1.2. NS60 ikijaa inabeba kama Ah 45, kwa hiyo siku 24 zinakula karibu Ah 29. Ndiyo maana nilikuwa nimebaki na shaka kama kweli sijaiua mwenyewe.

Shaka ikaishia kwa fundi umeme mmoja wa Igoma, mzee wa siku nyingi. Aliichaji taratibu usiku kucha, akaiacha ipumzike masaa kadhaa, ndipo akapima: 10.5. Betri ina seli sita, kila moja kama volti 2.1, kwa hiyo 10.5 maana yake seli moja imekufa kabisa. Kisha akafungua vifuniko, akavuta maji kwa ile bomba ya kupimia asidi. Seli tano maji yametulia, ya sita yametoka ya kahawia kama chai ya rangi. Hizo ni bamba za risasi za ndani ya betri zilizomomonyoka, na hazimomonyoki kwa siku 24 za kulala. Akakwangua pembe ya stika kwa kucha, chini yake kuna stika nyingine. Vichwa vya betri, pale zinapofungwa nyaya, vilikuwa vinang'aa kumbe vimepigwa tupa, na pale panapogongwa tarehe ya kiwandani plastiki imeyeyushwa na kitu cha moto hadi ikawa laini.

Na ile 12.8 ya mezani? Betri iliyotoka tu kuchajiwa kwa nguvu inaonyesha volti za juu juu. Nzima iliyojaa na kupumzika inasoma 12.6 hadi 12.7. 12.2 ni nusu, chini ya 12 ni tupu. Muuzaji akikuwekea mita, mwambie awashe taa kubwa za gari dakika mbili au tatu, azime, asubiri kidogo, apime tena. Halafu mita ikiwa bado imeshika, mtu apige stata. Ikidondoka chini ya 9.6 kwa joto letu hili, irudishe mezani. Akikataa kupimwa hivyo, usibishane naye, ondoka.

Ile hadithi ya baridi ya Ulaya nilimsimulia kaka yangu aliyeko Kanada, akacheka hadi akakohoa. Betri iliyosahauliwa kwenye gari miezi minne ya baridi bila kuchajiwa ndiyo betri ya kutupa. Ikiishiwa chaji bamba zinaota salfeti ngumu, na maji yake yanakaribia kuwa maji ya kawaida, kwa hiyo yanaganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasua boksi. Iliyojaa haigandi hata kwenye hasi 50. Ndiyo maana watu wa nchi za baridi huchomoa betri wakaiweka ndani, au wanaiacha kwenye chaja ndogo yenye akili, ikishajaa inashuka yenyewe hadi volti 13 na ushee. Kwa hiyo hata kama jamaa angekuwa anasema kweli, alikuwa ananiuzia uchafu.

Sisi hatuna barafu, tuna joto, nalo linaila betri kimya kimya. Siku hizi nikiondoka nalegeza kichwa cha hasi kwa spana namba 10, naweka waya pembeni. Redio inasahau stesheni zangu, isahau tu. Nikirudi naendesha nusu saa au zaidi, hadi Kisesa na kurudi. Zamani mjomba alikuwa ananiwashia gari dakika tano kila Jumapili, linaunguruma, anazima, anasema "nimekuchajia". Kwa dakika tano altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, hairudishi kile gari lilichokula wiki nzima likilala, lakini nani atamwambia mjomba.

Pesa sijarudishiwa na sitegemei. Karatasi ya daftari nitaipeleka wapi?

Kitu kimoja kinaninyima usingizi. Ile betri yangu ya zamani, niliyomwachia kwa 15,000, ilikuwa na ufa mdogo kwenye pembe ya mfuniko karibu na kichwa cha hasi, niliuziba mwenyewe kwa gundi nyeusi. Wiki iliyopita nimepita na daladala, meza imejaa, stika zote mpya zinang'aa. Kama umenunua NS60 barabara ile tangu mwezi wa tisa, hebu fungua boneti uangalie hiyo pembe. Ukiikuta gundi, betri hiyo ni yangu, na ilikufa Agosti.